Dubai hadi Guangzhou: Umbali, Muda wa Ndege na Hesabu ya Saa (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Majibu haya yanahusu safari ya ndege kati ya Dubai, Falme za Kiarabu, na Guangzhou, kusini mwa China. Nyakati zilizoandikwa kwa tarakimu nne, kama 10:15, ni za tiketi na hufuata mtindo wa saa 24. Zilizoandikwa kwa maneno ni saa za Kiswahili.

## Umbali

1. Kutoka Dubai hadi Guangzhou ni kilomita ngapi?

Kwa mstari wa anga ni takriban kilomita 5,830, ambazo ni sawa na maili 3,620 za nchi kavu au maili 3,150 za baharini, kipimo ambacho marubani hukitumia. Hesabu hii inaanzia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Dubai na kuishia Uwanja wa Baiyun, ulio kaskazini mwa Guangzhou. Ukikuta mahali pengine umbali unaopishana na huu kwa kilomita chache au makumi kadhaa, mara nyingi aliyepima ameanzia katikati ya mji badala ya kiwanjani.

2. Nikipima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, je, nitapata umbali sahihi?

Kwa miji mingi ya Asia hutapata, kwa kuwa dunia ni mviringo na njia fupi kabisa kati ya sehemu mbili hupinda kuelekea kaskazini inapochorwa kwenye karatasi. Safari hii, hata hivyo, ina bahati yake. Dubai iko kwenye latitudo ya digrii 25 kaskazini na Guangzhou kwenye digrii 23, kwa hiyo mstari ulionyooka wa ramani unazidi njia fupi ya kweli kwa kilomita zisizofika 50. Tofauti kubwa ipo katika nchi zinazopitiwa chini yake: mstari wa ramani hukata katikati ya India, ilhali njia fupi ya kweli hupanda hadi karibu na digrii 27 na kugusa eneo la mpaka wa India na Nepal.

3. Je, ndege hufuata njia hiyo fupi kama ilivyo?

Haifuati moja kwa moja. Kwa kawaida ndege hutoka Ghuba, huvuka Bahari ya Oman, hupita juu ya Pakistan au pembezoni mwake, kisha kaskazini mwa India, Bangladesh na Myanmar, na kuingia China kwa upande wa Yunnan, karibu na Kunming. Njia hiyo hufikisha kilomita 6,000 au zaidi kidogo, kulingana na upepo wa siku hiyo na vibali vya anga.

Wasafiri huuliza kwa nini ndege haikati tu juu ya Himalaya na Tibet, ilhali inaruka juu kuliko mlima wowote. Sababu ni dharura. Hewa ya ndani ikivuja, rubani hulazimika kushuka upesi hadi kimo cha takriban mita 3,000, ambako watu wanaweza kupumua bila msaada, na barakoa zinazoning'inia juu ya viti hutoa oksijeni kwa muda mfupi tu, katika ndege nyingi kama robo saa. Uwanda wa Tibet wenyewe, ukiacha vilele vyake, una wastani wa zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, ardhi iko juu kuliko mahali ambapo ndege ingepaswa kushukia. Ndiyo maana njia nyingi hupita kusini ya milima. Aliyekaa dirisha la kushoto wakati wa kwenda, mchana ukiwa hauna mawingu, anaweza kuiona safu yote ya theluji kwa mbali.

4. Kuna njia ya barabara au ya bahari?

Njia ya barabara ambayo msafiri wa kawaida anaweza kuitegemea haipo. Kwa bahari, meli za mizigo huzunguka kusini mwa India, hupenya Mlango wa Malacca na kupanda Bahari ya China Kusini, safari ya zaidi ya kilomita 9,000 inayochukua wiki mbili hadi tatu, na zaidi meli ikisimama bandari nyingi. Hiyo ni njia ya kontena.

## Muda wa kukaa angani

5. Ndege ya moja kwa moja huchukua muda gani?

Kwenda Guangzhou, ratiba nyingi huonyesha kati ya saa 7 na saa 7 na dakika 45. Kurudi Dubai huonyesha kati ya saa 8 na saa 8 na dakika 45. Emirates na China Southern ni miongoni mwa mashirika ambayo yameendesha safari hii bila kusimama njiani. Tovuti nyingi hutoa jibu moja tu, kama vile “saa 7 na nusu”, bila kusema ni upande upi, na jibu la namna hiyo humpoteza mtu anayepanga ndege ya kuunganisha.

6. Kwa nini kurudi huchukua muda mrefu kuliko kwenda, na umbali ni uleule?

Ni kwa sababu ya upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, juu ya kaskazini mwa India na kusini mwa China, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Guangzhou husukumwa mgongoni, na inayorudi Dubai hupambana nao usoni. Mwendo wa ndege ndani ya hewa haubadiliki. Kinachobadilika ni mwendo wake kulinganisha na ardhi, na huo ndio unaoamua saa ya kutua. Kwenye skrini ya mbele ya kiti, msafiri anayekwenda anaweza kuona kilomita 1,000 kwa saa, na anayerudi akaona 800, ndege ikiwa ya aina ileile.

7. Je, tofauti hiyo ni ileile mwaka mzima?

Hapana. Kuanzia Desemba hadi Machi mkondo huo hushuka kusini mwa Himalaya na kupata nguvu, ukikaa juu ya njia yenyewe. Hapo ndipo safari ya kwenda huwa fupi kabisa na ya kurudi huwa ndefu kabisa. Kuanzia Juni, masika ya India yanapoanza, mkondo huhamia kaskazini ya Tibet, na juu ya kusini mwa India hutokea upepo mwingine wa juu unaovuma kinyume, kutoka mashariki. Tofauti ya kwenda na kurudi hupungua. Badala yake huja mawingu makubwa ya mvua juu ya Ghuba ya Bengal na Myanmar, na rubani huyakwepa kwa kuzunguka.

8. Ninaweza kukokotoa muda huo mwenyewe?

Unaweza, na hesabu yake si ngumu. Chukua urefu wa njia halisi, tuseme kilomita 6,100, na mwendo wa ndege ndani ya hewa, kama kilomita 900 kwa saa. Ukiwa na upepo wa mgongoni wa wastani wa kilomita 80 kwa saa, ndege inapita ardhi kwa kilomita 980, na 6,100 ukigawanya kwa 980 unapata saa 6 na dakika 15 hivi. Ukiwa na upepo uleule usoni, mwendo ni kilomita 820, na jibu ni saa 7 na dakika 25 hivi. Ongeza dakika 40 kwa kutembea kiwanjani, kupanda na kushuka, na utafika karibu sana na ratiba za swali la 5.

9. Tiketi inasema saa 7 na nusu, rubani akatangaza saa 6 na dakika 40. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Tiketi huhesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka langoni Dubai hadi inaposimama langoni Guangzhou. Rubani hutaja muda kati ya magurudumu kuacha ardhi na kuigusa tena. Katikati yake kuna foleni ya kuruka, ambayo Dubai usiku wa manane si fupi, na mwendo wa kutoka njia ya kurukia hadi langoni, ambao Baiyun ni mrefu kutokana na ukubwa wa kiwanja. Mashirika pia huongeza dakika kadhaa za akiba ili ndege iliyochelewa kidogo bado ihesabiwe kuwa imefika kwa wakati.

10. Airbus A380 hufika mapema kuliko Boeing 777?

Hufika mapema kwa dakika chache tu, na mara nyingi hata hizo hazionekani. Mwendo wao wa kawaida ni takriban asilimia 85 na 84 ya mwendo wa sauti.

## Saa na tarehe

11. Tofauti ya saa kati ya Dubai na Guangzhou ni ngapi?

Guangzhou iko mbele kwa saa 4, mwaka mzima. Falme za Kiarabu hazisogezi saa kwa majira, na China, ambayo ilifanya hivyo kati ya 1986 na 1991, iliacha. China yote hutumia saa moja ya Beijing, jambo linalowasumbua wanaokwenda Xinjiang, magharibi ya mbali ya nchi hiyo, ambako jua huchelewa sana kuchomoza. Guangzhou haina tatizo hilo, kwa kuwa saa zake na jua lake zinakaribiana vya kutosha.

12. Ndege inaondoka 10:15 na kufika 21:45. Je, nitakaa angani saa 11 na nusu?

Hutakaa. Kila wakati unaoandikwa kwenye tiketi ni wa mji husika: 10:15 ni saa ya Dubai na 21:45 ni saa ya Guangzhou. Ondoa saa 4 za tofauti kwenye saa 11 na nusu, na safari inabaki saa 7 na nusu. Kwa kurudi fanya kinyume: ndege inayotoka Guangzhou 00:15 na kutua Dubai 04:30 inaonekana kama safari ya saa 4 na robo, lakini ukiongeza saa 4 unapata saa 8 na robo.

13. Tiketi yangu ya kurudi ni 00:15 Jumanne. Niende kiwanjani siku gani?

Nenda Jumatatu usiku. Hili ndilo swali linalowagharimu watu pesa kuliko mengine yote katika ukurasa huu, na kwa msemaji wa Kiswahili mtego wake ni maradufu.

Mtego wa kwanza ni wa tarehe. Kwa hesabu ya mashirika ya ndege siku hubadilika saa sita usiku kamili, kwa hiyo 00:15 Jumanne ni robo saa tu baada ya Jumatatu kwisha: usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Anayesikia “Jumanne usiku” na kuondoka hotelini Jumanne baada ya chakula cha jioni amechelewa kwa karibu siku nzima. Mazoea ya pwani ya kuhesabu siku kuanzia magharibi, ambapo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe, hapa yangemwokoa mtu. Mazoea ya mijini ndiyo yanayomponza.

Mtego wa pili ni wa saa. 00:15 ni saa sita na robo usiku, 10:15 ni saa nne na robo asubuhi, na 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri. Mtu anayempigia simu ndugu yake aje kumpokea Dubai “saa nne na nusu”, kwa kuwa ameisoma hivyo kwenye tiketi, atasubiri kiwanjani hadi kuchoka, na ndugu yake atafika saa nne na nusu asubuhi, muda ambao tiketi ingeuandika 10:30. Ni salama zaidi kumtumia picha ya tiketi pamoja na maelezo kama “alfajiri ya Jumanne, kabla jua halijachomoza”.

Hakikisha pia unafika kiwanjani saa 3 kabla. Kwa ndege ya 00:15, hiyo ni 21:15 ya Jumatatu, yaani saa tatu na robo usiku.

14. Mwili huchukua muda gani kuzoea?

Kadirio la kawaida ni kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, kwa hiyo siku 3 au 4 kwa anayetoka Dubai. Kwenda mashariki huwa kugumu zaidi, kwa sababu mwili hutakiwa kulala mapema kuliko ulivyozoea. Saa tano usiku ya Guangzhou ni saa moja jioni ya Dubai, na wachache hupata usingizi saa hiyo. Kama una mkutano na mwenye kiwanda, uweke mchana badala ya asubuhi ya siku ya kwanza.

## Kwa wanaoanzia Afrika Mashariki

15. Kupitia Dubai ni kuzunguka sana?

Si sana kama wengi wanavyodhani. Dar es Salaam hadi Dubai ni takriban kilomita 3,980, safari ya kama saa 5 na nusu. Nairobi hadi Dubai ni takriban kilomita 3,560, kama saa 5. Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa mstari wa anga ni karibu kilomita 8,710, na kupitia Dubai jumla yake ni 9,810. Umeongeza kilomita 1,100, sawa na saa 1 na robo ya kuruka. Muda mkubwa unapotea kwenye kusubiri Dubai, na huo hutegemea tiketi uliyonunua. Kenya Airways na Air Tanzania zimewahi kuendesha safari za kwenda Guangzhou bila kupita Ghuba, na kwa asiye na shughuli Dubai njia hiyo inafaa kuangaliwa kwanza.

Kumbuka kwamba Afrika Mashariki iko nyuma ya Dubai kwa saa 1, hivyo tofauti yake na Guangzhou ni saa 5. Hesabu ya swali la 12 inabaki ileile. Badilisha tarakimu tu.

16. Baada ya kutua, nitafika hotelini baada ya muda gani?

Panga saa 2, na zaidi kidogo wakati wa Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yanayofanyika tangu 1957, siku hizi kila masika na kila vuli ya China, ambapo foleni ya uhamiaji hurefuka. Baiyun iko karibu kilomita 30 kutoka mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia. Kwa treni ya chini ya ardhi, panda Laini ya 3 kutoka kiwanjani, shuka Jiahewanggang na uingie Laini ya 2, inayopita Sanyuanli. Lakini treni hizo hazifanyi kazi usiku kucha, na ndege inayotua 21:45 inaweza kukuacha ukikimbizana na ya mwisho. Usiku, teksi ndiyo ya uhakika.

## Hali zisizo za kawaida

17. Tiketi ya kusimama njiani ni nafuu. Inaongeza muda kiasi gani?

Kupitia Bangkok, kwa mfano, jumla ya umbali ni takriban kilomita 6,600, nyongeza isiyofika kilomita 800, lakini kwa kushuka, kusubiri na kuruka upya safari huanzia karibu saa 11 na huweza kufika 20. Angalia pia kama tiketi zote mbili ziko kwenye nambari moja ya uhifadhi. Zikiwa mbali mbali, huenda ukalazimika kuchukua begi lako na kulikabidhi upya, na ya kwanza ikichelewa, ya pili huenda haitakusubiri wala kukurudishia pesa.

18. Ni mambo gani hurefusha safari ghafla?

Upande wa Guangzhou, vimbunga vya baharini, hasa kuanzia Julai hadi Septemba. Mangkhut, kilichopiga Guangdong tarehe 16 Septemba 2018, kilifuta safari nyingi za ndege za eneo lote. Anga ya China kwa sehemu kubwa husimamiwa na jeshi, na njia zilizoachiwa ndege za abiria zikijaa, ndege huweza kuzuiliwa ardhini abiria wakiwa wamekwisha funga mikanda. Upande wa Dubai mvua ni nadra, lakini ile ya tarehe 16 Aprili 2024 ilifurika kiwanjani na kuvuruga safari kwa siku kadhaa.

Jambo la tatu ni kufungwa kwa anga. Mwaka 2019 Pakistan ilifunga sehemu kubwa ya anga yake kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Julai, na ndege nyingi za Ghuba zinazokwenda mashariki zililazimika kupita kusini. Katika hali kama hiyo umbali wa swali la 1 haubadiliki, ila wa swali la 3 hubadilika.

19. Nimefunga Ramadhani. Nitafuturu kwa saa ya mji upi?

Jua unaloliona kutoka kwenye ndege ndilo linalofuatwa na wengi, wala si saa ya mji ulikotoka au unakokwenda. Ukiondoka Dubai 10:15 mwezi wa Machi, unakimbilia mashariki huku jua likielekea magharibi, na magharibi hukukuta angani, juu ya maeneo ya Myanmar, saa ya Dubai ikiwa karibu na kumi alasiri. Saumu yako imekuwa fupi kwa saa mbili na zaidi kuliko ya waliobaki Dubai. Kwa kuwa ndege iko juu, jua huchelewa kuzama kwa dakika kadhaa kuliko wanavyoliona walio ardhini chini yako, kwa hiyo sikiliza tangazo la wahudumu au tazama dirishani.

Kurudi na ndege ya usiku ni kinyume: giza hukufuata njia nzima, na mwezi wa Machi anayetua 04:30 bado ana nafasi ndogo ya daku kabla ya alfajiri ya Dubai. Miezi ya kiangazi nafasi hiyo haipo, kwa kuwa alfajiri huingia mapema. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Kwa masharti yake, muulize shekhe wako.

20. Nikishukia Hong Kong badala ya Guangzhou, nitaokoa muda?

Hutaokoa. Hong Kong iko mbali kidogo zaidi kutoka Dubai, na muda wa ndege ni karibu sawa. Kutoka hapo kuna treni ya mwendo kasi, iliyoanza Septemba 2018, inayotoka West Kowloon na kufika Guangzhou Kusini kwa takriban saa 1, lakini utakuwa umepita uhamiaji mara mbili, kwa kuwa Hong Kong ina mpaka wake na taratibu zake za viza. Njia hiyo inamfaa mwenye shughuli Hong Kong au Shenzhen, au aliyekosa nafasi kwenye ndege za Baiyun.